Mtoto Aliyetahiriwa na Malaika

Kilichonishtua kwanza ni visigino. Mtoto wa dada yangu alikuwa amechutama nyuma ya tangi la maji, mgongo ukinielekea, na alipoinuka nikaona visigino vyake vimelowa, na pindo la nyuma la kikoi chake limelowa pia. Akavisugua mchangani, kimoja kisha cha pili, bila haraka, kama mtu afanyaye kazi aliyoizoea. Halafu akarudi kwenye mchezo wake wa vifuniko vya chupa.

Nilikuwa nimeingia Galbet, mtaani kwetu, asubuhi hiyo nikitokea Masalani, ambako nilimaliza msimu mzima nikivusha watu na mbuzi Mto Tana kwa boti la mtu mwingine. Sikupanga kukaa. Mimi ni mtu wa kupita. Dada yangu husema kila godoro ninalolalia huota miiba. Safari hii nilikuwa nangoja lori la kwenda Banissa, dereva wake tumejuana tangu nilipokuwa utingo, na nilikuwa nimeshamwambia aniwekee nafasi juu ya magunia.

Lakini vile visigino vilinirudisha nyuma sana. Tulipokuwa watoto katika mtaa huu huu, kabla haujajaa mabati na kuta za mawe, tulikuwa tukitoka dugsi, chuo chetu cha Kurani, tunajipanga ukingoni mwa laga, lile korongo kavu, kushindana nani atafika mbali. Nilikuwa hodari. Niliandika herufi mchangani. Siku mwalimu alipotukuta alitucharaza sote, akasema wanaume wenye adabu huchutama, na tangu hapo tukachutama, lakini hata kwa kuchutama mkojo wetu ulikwenda mbele. Hakuna aliyelowa visigino.

Nikamuuliza dada yangu, aliyekuwa akianika nguo. Kamba nzima ilikuwa vikoi vidogo.

"Huyu mtoto anajikojolea?"

"Nani, huyu?" Akacheka. "Abowe, kaka yangu, umekaa na mamba wa Masalani mpaka umesahau ya nyumbani? Huyu ametahiriwa na malaika."

Nyumbani tunaongea Kisomali. Maneno yetu nayaandika hapa kwa Kiswahili, lugha ya shule yangu na ya barabara zangu. Na kwa msomaji asiye wa kwetu niseme kwamba msemo huo si mzaha. Mara moja moja mtoto wa kiume huzaliwa huku ncha yake iko wazi, bila govi la kuifunika, kama vile aliyekwisha kupita mikononi mwa ngariba. Watu husema malaika walimtangulia. Huyu wa dada yangu alipozaliwa, bibi yake mzaa baba ndiye aliyemfungua kwenye nguo na kuliona hilo. Akapiga kigelegele. Wanawake walikuja kumtazama, na wengine walimletea bibi huyo watoto wao wagonjwa ili awaguse kwa mkono wa huyu mchanga. Tangu siku hiyo Ayeyo, kama sote tunavyomwita, alikuwa na jambo la kusema katika kila harusi.

Na kulikuwa na sifa ya pili. Huko dugsi mwalimu alimtaja mbele ya wenzake: tazameni huyu, hata mkojo wa haraka hausimamii, huchutama kama mtu mzima. Mtoto wa miaka mitano akawa mfano wa adabu. Hakuna aliyefikiri kwamba huenda alichutama kwa sababu akisimama angelowa mpaka kwenye magoti.

Siku iliyofuata nilimwogesha mwenyewe. Tundu halikuwa kwenye ncha. Lilikuwa upande wa chini, katikati ya njia, dogo kama alama ya sindano. Uume wenyewe ulipinda kuelekea chini. Na ngozi ile waliyosema haipo, ilikuwepo: upande wa chini hakuna kitu, lakini upande wa juu imerundikana kama kofia iliyosukumwa kisogoni.

"Abti, mbona unanitazama hivyo?" akauliza. Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina moja. Mimi ni abti wake, yeye ni abti wangu.

"Natazama kama una uchafu."

"Mimi sina uchafu. Mimi ni wa malaika."

Ilinichukua muda kumshawishi dada yangu twende hospitali. Aliogopa mama mkwe wake. Mwishowe tukasema mtoto ana kikohozi, na kweli alikohoa kidogo njiani, kwa vumbi, nikashukuru.

Daktari alikuwa kijana wa bara, mwenye maneno machache. Alimlaza mtoto, akamkagua kwa upole, akapapasa chini kuhakikisha korodani zote mbili zimeshuka, akasema zimeshuka, hilo ni jema. Akauliza kama mkojo unatoka kwa shida, kama analia akikojoa, kama amewahi kupata homa za mara kwa mara. Dada yangu akajibu hapana, hapana, hapana, kisha akauliza swali ambalo bila shaka alikuwa amelibeba tangu mtoto azaliwe.

"Ni maji ya chumvi, daktari? Nikiwa na mimba nilikunywa maji ya kisima. Ya chumvi sana."

"Si maji, mama. Si jicho la mtu, wala si kosa lako. Njia ya mkojo ilipokuwa ikijijenga tumboni haikufika mwisho, ikafungukia hapo ilipofika. Watoto wengi huzaliwa hivi. Inatengenezwa. Ingefaa aletwe akiwa mchanga, lakini hajachelewa."

"Ataweza kuoa?"

"Akitengenezwa vizuri ataoa, na atazaa."

Dada yangu akashika ukingo wa meza. Daktari akaeleza kwamba upasuaji huo si wa kila mtu. Kuna bingwa anayekuja kutoka Nairobi, atakuja baada ya likizo ya shule, na mtoto angewekwa kwenye orodha yake.

"Jambo moja tu nawaomba," akasema, sasa akinitazama mimi. "Msimtahiri. Hiyo ngozi ya juu inayoonekana kama imezidi, ndiyo kitambaa cha fundi. Ndiyo itakayotumika kujenga njia iliyokosekana. Ikikatwa, fundi atashona na nini?"

"Huyu ameshatahiriwa," dada yangu akasema. "Malaika."

"Mama, huyu hajatahiriwa na mtu yeyote."

Maneno hayo ndiyo niliyorudi nayo nyumbani, na ndiyo yaliyoniponza.

Jioni ile nilikaa mkekani na wakwe wa dada yangu. Ayeyo alikuwa mahali pake, mgongo ukutani, tasbihi mkononi. Pembeni yake mwanawe mkubwa, adeer wa mtoto, yaani baba yake mkubwa, mtu wa duka la mahindi na mchele, mwenye ndevu za hina na sauti ya kuuza. Baba mtoto hakuwepo. Alikuwa na ngamia huko mbele ya Banissa, na kwetu mwanamume akiwa na ngamia hahesabiwi kuwepo popote. Nikawaeleza yote. Nilijivunia kidato changu cha nne. Nilichora mchangani tundu linapofaa kuwa na lilipo. Nikasema, kwa heshima, kwamba Ayeyo hakukosea kufurahi, lakini malaika hawana mkasi, na huyu mtoto hajatahiriwa. Ana kasoro, na kasoro ina dawa.

Nikangoja waniulize kuhusu dawa.

"Hajatahiriwa," adeer akasema.

"Ndiyo, lakini..."

"Mtoto wa miaka mitano, wa nyumba hii, ana govi."

"Shemeji, sikiliza. Hilo govi ndilo..."

"Miaka yote hii!" Akamgeukia mama yake. "Mama, miaka yote hii tunatembea mjini tukijisifu na mtoto mwenye govi." Kisha akanigeukia mimi, na uso wake ukawa na shukrani, hilo ndilo lililonichoma zaidi, shukrani ya kweli. "Mungu akulipe, shemeji. Umetuamsha. Wanangu wanaingia jandoni likizo hii, ngariba nimeshampanga. Huyu ataingia pamoja nao."

Nilibaki na kijiti changu mkononi. Miaka mitano ile ngozi ilikuwa salama kuliko dhahabu ya bibi harusi, kwa sababu bibi mmoja aliamini malaika wameshamaliza. Hakuna wembe ambao ungeisogelea. Nikaja mimi, na elimu yangu na mchoro wangu, nikamwondoa mlinzi mlangoni.

Ayeyo alivuta shali lake usoni, akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani.

Siku zilizofuata nilisema mpaka koo likanikauka. Nilimfuata adeer dukani kwake, nikamweleza kati ya wateja kwamba bingwa akimaliza kazi yake mtoto atakuwa ametahiriwa pia, kwa sababu ngozi yenyewe itakuwa imetumika.

"Basi tofauti ni nini?" akasema, akipima mchele. "Mkasi ni mkasi."

"Tofauti ni nani anakata na anakata nini."

"Wewe hukutahiriwa na bingwa. Una tatizo?"

Wateja wakacheka. Mmoja akasema labda ndiyo maana sijaoa. Nikaondoka.

Nilikwenda kwa mwalimu wa dugsi, mzee sasa, yule yule aliyetucharaza. Alinisikiliza vizuri, akasema dini haimlazimishi mgonjwa, mtoto asubiri mpaka apone. Nikarudi mbio na fatwa yangu. Adeer akasema mwalimu ana hekima, Mungu amzidishie umri, ila ngariba ameshapangwa na mbuzi ameshanunuliwa.

Tukajaribu kumpata baba mtoto. Huko aliko simu hushika mtandao akipanda kilima fulani, na hupanda kilima akikumbuka. Alipopatikana hatimaye, dada yangu aliniwekea simu sikioni. Nyuma yake nilisikia ngamia wakinung'unika, na kwa dakika moja moyo wangu ulisahau shida, ukatamani kuwa kule, kwenye upepo, bila ndugu wa mtu yeyote.

"Seedi," nikamwita, shemeji kwa lugha yetu, "mwanao asikatwe. Daktari amesema."

"Mwanangu mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Ana..." Upepo ukaingia. "Tundu lake liko chini!"

"Choo kimefanya nini?"

"Si choo!"

"Kaka yangu yupo hapo?"

"Yupo."

"Mama yupo?"

"Yupo."

"Basi mbona unanipandisha kilima?" Simu ikakatika.

Hapo ndipo palipo ugumu wa kuwa abti. Mjomba kwetu ni mtu wa heshima kubwa. Mtoto akinikosea adabu atachapwa. Nikiingia nyumbani nitapewa mto mzuri na chai ya maziwa ya ngamia. Lakini mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na heshima yangu haina meno. Dada yangu alijua hilo kuliko mimi. Alikuwa akifua na kulia, na kila nilipokaribia alisema, "Umesema vya kutosha, abowe. Kila ukisema, wanakubali nusu isiyotakiwa."

Lori la Banissa lilipita. Dereva alipiga honi mbele ya nyumba, akanitazama nimesimama mlangoni bila begi, akapiga tena. Nilimpungia mkono aende. Sijawahi kuliacha lori liniache hivyo. Nililitazama vumbi lake mpaka likatulia juu ya vikoi vilivyoanikwa.

Asubuhi ya tohara ilifika. Ua wa adeer ulikuwa umefagiliwa, mbuzi amefungwa, watoto wake watatu wamekaa kwenye benchi na vikoi vipya vyeupe. Wa nne alikuwa mpwa wangu. Adeer alikuja kumchukua mwenyewe alfajiri baada ya swala, akamshika mkono kwa upendo, na mtoto alikwenda akirukaruka kwa sababu aliahidiwa soda. Adeer hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ingenirahisishia.

Ngariba alikuwa mtu wa makamo, msafi, na mkoba wa ngozi na glavu na chupa ya dawa. Nikamvuta pembeni, nikamweleza. Akasema ngoja nione. Akamwinulia mtoto kikoi, akatazama, akatikisa kichwa kama fundi anayeona pancha ya kawaida.

"Hizi nimekata nyingi," akasema. "Ni rahisi kuliko nyingine, kazi ni ya juu tu."

"Na mkojo?"

"Mkojo unatoka?"

"Unatoka chini."

"Basi unatoka." Akavaa glavu moja. "Wanakua, wanaoa. Sijaona aliyerudi kulalamika."

"Hawarudi kwako! Wanarudi hospitali, wanaambiwa ngozi hakuna!"

"Shemeji," adeer akasema, mkono begani mwangu, "unawatisha watoto."

Na kweli yule wa kwanza kwenye benchi alikuwa ameanza kulia. Mpwa wangu alikuwa akinitazama kwa aibu, abti wake mwenyewe akipiga kelele mbele za watu.

Niliondoka mbio. Najua ilionekana kama nimekimbia, na wakacheka nyuma yangu. Nyumba ya Ayeyo ilikuwa ukuta wa pili. Nilimkuta amekaa kitandani, hajafunua shali tangu ile jioni, au ndivyo ilivyoonekana. Nikaketi sakafuni.

"Ayeyo, njoo. Wanamkata."

"Si ulitaka?"

"Sikutaka! Nilisema asikatwe!"

"Ulisema hajatahiriwa. Uliniambia mbele ya mwanangu kwamba malaika hawana mkasi. Mji mzima umesikia. Jana jirani ameniuliza kama wale watoto niliowabariki kwa mkono wa huyu, baraka yao niirudishe wapi."

"Waambie walikuja. Waambie malaika walikuja, wasimguse."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kinachokaribia kicheko.

"Kumbe sasa unawataka."

"Nawataka."

"Malaika si bodaboda, wee mzururaji. Huwashushi njiani kisha ukawapigia simu wakurudie."

Nilichoka. Nilisema kile nilichokuwa nimekisema mara mia, lakini safari hii bila mchoro. "Daktari ameomba ile ngozi iachwe. Ndiyo itakayomtengeneza. Ikikatwa leo, hakuna pa kuipata."

"Yaani iliachwa," Ayeyo akasema polepole. "Walimfungua huku, wakamwachia kule."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya kazi ya baadaye."

"Ndiyo, Ayeyo."

"Mbona hukusema hivyo siku ile? Ulikaa hapo unachora vyoo mchangani!" Akatafuta viatu kwa mguu. "Mimi nimemwogesha yule mtoto miaka mitano. Unadhani sijui mkojo wake unatokea wapi? Nilijua. Nilikuwa naomba Mungu amalizie. Hukuniambia kwamba kilichobaki kimewekwa amana. Ungesema amana ningekuelewa. Nipe mkono."

Nilitaka kumbeba. Hakukubali. Alitembea kwa mwendo wake, na ule mwendo wa nyumba moja hadi nyingine ulinizeesha. Tulipoingia uani, mtoto wa kwanza alikuwa ameshamaliza, amelazwa mkekani akinyonya soda kwa hasira. Wa pili alikuwa mikononi. Ayeyo alikwenda moja kwa moja kwenye benchi, akakaa, akamfunika mpwa wangu na shali lake lote, ikabaki pua tu.

"Huyu si wenu," akamwambia ngariba.

"Mama," adeer akasema, "tulishakubaliana."

"Nilinyamaza. Kunyamaza si kukubali. Huyu ana amana. Malaika walianza, wakaacha kitambaa kwa ajili ya yule atakayemaliza. Anayekata amana ya mtoto yatima wa..."

"Mama, si yatima, baba yake yupo!"

"Baba yake yuko na ngamia! Anayekata amana ya mtoto, atajibu yeye." Akamwelekezea ngariba kidole. "Wewe una watoto?"

Ngariba akavua glavu moja. Alikuwa mtu wa biashara, na hakuna biashara katika laana ya bikizee. "Mimi nakata ninaopewa," akasema. "Watatu wanatosha."

"Lakini soda yangu?" ikasikika ndani ya shali.

Akapewa soda.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Likizo iliisha, bingwa hakuja. Tukaambiwa wiki inayofuata. Wiki hiyo alikuja, mashine ya dawa ya usingizi ikawa na hitilafu, akawaona wagonjwa tu, akaondoka. Kila tuliporudi bila kazi kufanyika, adeer alisema, kwa sauti ya kuuza, kwamba wanawe wamepona na wanacheza mpira. Nami nikabaki Galbet, nikipakua mahindi kwenye duka lake hilo hilo ili nisile bure, nikisikiliza malori ya wengine yakienda kaskazini.

Siku ilipotimia hatimaye, tulikwenda watu wanne: mtoto, dada yangu, mimi, na Ayeyo, aliyekataa kubaki. Bingwa alikuwa mama mfupi mwenye miwani. Alimtazama mtoto kwa makini, akaivuta ile kofia ya ngozi kwa vidole viwili, akaipima, na uso wake ukafunguka.

"Ipo yote," akasema. "Ninaletewa wengi kutoka huku wakiwa wameshakatwa, natafuta ngozi ya kupandikiza ndani ya mdomo, natafuta popote. Huyu yuko kamili. Nani aliwaambia msimtahiri?"

Nilifungua mdomo.

"Ni mimi, daktari," Ayeyo akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nilisema bana, hii hapana guswa."

"Mama, umemwokoa huyu mtoto."

"Mungu tu," Ayeyo akasema, akashusha macho kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake kabla wala baada. Dada yangu alinikanyaga mguu. Nikafunga mdomo.

Alitoka chumba cha upasuaji amelala, na mpira mwembamba wa mkojo ukiingia kwenye nepi yake. Bingwa alitueleza namna ya kumtunza: maji kwa wingi, mpira usivutwe wala usikunjwe, bandeji isilowe, asipande kitu wala asikimbie mpaka mpira utolewe. Akasema pia, bila kutuficha, kwamba wakati mwingine hubaki tundu dogo la kuvuja katika mshono, na tukiliona tusikate tamaa, turudi, linazibwa baadaye. Kisha kulikuwa na siku za kumzuia mtoto wa miaka mitano asikimbie, na hizo sitaki kuzikumbuka. Ayeyo alimpa maziwa ya ngamia, mimi nikampa maji, tukagombana juu ya kikombe. Mtoto akajifunza kututoza peremende kila kikombe.

Mpira ulitolewa. Alilia mara ya kwanza, akasema mkojo unawaka. Mara ya pili alilia kidogo. Baada ya hapo akaacha kutuambia.

Basi jioni moja nilimwona anaelekea nyuma ya tangi la maji, nikamfuata. Kwa miezi hii yote nilikuwa nimejiwekea picha moja kichwani. Nilimwona amesimama ukingoni mwa laga kama sisi zamani, kidevu juu, akiandika herufi yake ya kwanza. Kwa picha hiyo niliacha lori, nikabeba magunia ya adeer, nikafunga mdomo mbele ya bingwa.

"Simama, abti," nikamwambia. "Sasa unaweza kusimama."

Akanitazama kama nimemwambia aibe.

"Mwalimu amesema wanaume wenye adabu huchutama."

"Najua alichosema. Mara moja tu. Nione."

"Hapana, abti. Haramu." Akachutama, mgongo ukinielekea, kikoi amekikusanya mapajani.

Nilitaka kupiga lile tangi teke. Nilisimama pale na hasira ya miezi yote, sina wa kumpa. Alipomaliza akainuka, akavisugua visigino mchangani, kimoja kisha cha pili, bila haraka, kama zamani.

Mchanga ulikuwa umelowa mbele yake, mbali kidogo, mstari mmoja mwembamba ulionyooka. Nilipiga magoti nikautazama nikitafuta tone lililopotea pembeni. Sikuliona. Nyuma ya mstari mchanga ulikuwa mkavu.

"Unasugua nini?" nikamuuliza.

Akatazama chini. Akainua mguu mmoja, akaugeuza, akakitazama kisigino chake kikiwa cheupe kwa vumbi. Akainua wa pili. Akaupitisha mkono kwenye pindo la kikoi, nyuma, akaunusa.

"Nimesahau," akasema, akakimbia.